Kuvua besi kwa nzi bandia maji yakiwa ya baridi: mwongozo kwa anayeanza

Baridi ikianza tu, maswali ni yale yale. Samaki wamekwenda wapi? Mbona nzi aliyekuwa akinipa samaki kila siku sasa hata hadonolewi? Nimetupa mshipi kutwa nzima nikarudi mikono mitupu, nakosea wapi? Nimewajibu watu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

Jibu la haraka ni kwamba samaki yupo, na bado anakula, ila hakimbizi tena chakula. Nzi anayepita kwa kasi juu ya kichwa chake anaachwa apite. Kazi yako ni kumshusha nzi hadi usawa wa mdomo wa samaki, kisha kumwacha hapo muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Mengine yote ni namna ya kulifanya hilo bila kuganda vidole.

Ninaposema besi nina maana ya wawili: besi wa mdomo mkubwa, mpenda maji yaliyotulia na magugu, na besi wa mdomo mdogo, mpenda miamba na maji yanayotembea. Asili yao ni Amerika Kaskazini, ingawa siku hizi wamepandikizwa katika maji ya mabara mengi. Nzi ni ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na kitu cha kuliwa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye angalau ameshajifunza kutupa mshipi wa nzi. Kama bado, jifunze kwanza wakati wa joto, kwa sababu kujifunzia kwenye baridi ni kujitesa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Fimbo ya namba 7 (namba huonyesha uzito wa mshipi inaoubeba), urefu wa futi 9. Namba 6 inatosha kwa nzi wadogo na namba 8 inafaa upepo ukiwa mkali, lakini ukiwa na moja tu, iwe namba 7.

Mishipi miwili. Mmoja wa kuelea, mwingine wa kuzama. Mishipi ya kuzama hutofautiana kwa kasi: ule wa taratibu hushuka kama sentimita 4 au 5 kwa sekunde, wa daraja la 3 kama sentimita 8 hadi 10, na wa daraja la 6 kama sentimita 15 hadi 18. Kwa maji ya kina cha mita 2 hadi 4, daraja la 3 ndilo ninalolipendekeza kwa anayeanza. Angalia pia mshipi wako ulitengenezwa kwa maji gani. Mshipi wa maji ya joto ukiingia kwenye baridi hukakamaa na kujikunja kama waya wa simu za zamani, na hapo hakuna ufundi utakaokusaidia.

Uzi wa lida, yaani uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, wa kubeba kilo 4 hadi 5. Florokaboni ni nzuri zaidi kwa nzi wa kuzamisha, maana huzama haraka kuliko nailoni ya kawaida na haionekani sana majini.

Nzi wa aina nne au tano, basi. Nitawaeleza kwenye hatua ya 4.

Kipimajoto cha maji chenye kamba. Watu hukiona kama pambo. Mimi nikisahau chochote kati ya hivi naweza kuvumilia, ila kipimajoto kikibaki nyumbani najiona kama navua nimefumba macho.

Koleo ndogo, wavu wa mkono wenye matundu ya mpira, kofia na miwani. Nzi mwenye macho ya chuma akikupiga kisogoni utamkumbuka wiki nzima, na akikupiga jichoni hutamsahau kabisa.

Nguo za tabaka: ya ndani ya sufu au ya kitambaa kinachokauka haraka, ya kati ya kuhifadhi joto, ya nje ya kuzuia upepo na maji. Usivae pamba ndani. Ikishika jasho hubaki mbichi na kukunyonya joto. Beba glavu jozi mbili, moja mkononi na nyingine kavu kwenye mfuko, pamoja na chupa ya kinywaji cha moto na seti ya nguo kavu utakayoiacha mahali pakavu.

Tena, kabla ya yote, soma kanuni za uvuvi za maji unayokwenda. Kuna sehemu zinazofunga msimu wa besi kwa miezi kadhaa, na sehemu nyingine huruhusu kuvua lakini hulazimisha kila samaki arudishwe.

Usalama: usiruke sehemu hii

Maji ya baridi huua mtu kabla hajapoa. Ukitumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Kichwa kikiwa chini wakati huo, unavuta maji. Kipimo kinachofundishwa ni 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Muda huo wote unafaa tu ikiwa kichwa chako kiko juu ya maji, kwa hiyo kwenye mashua jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Ukiingia majini kwa suruali ya mpira, funga mkanda kiunoni barabara ili maji yasijae ukianguka. Usisimame juu ya barafu iliyoganda pembezoni. Usiende peke yako, na ukilazimika, mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Nadharia kidogo tu

Mwili wa besi hufuata joto la maji. Maji yakipoa, tumbo lake husaga taratibu na misuli yake huwa mizito, kwa hiyo anahitaji chakula kidogo na hataki kupoteza nguvu kukitafuta. Jambo la pili ni kwamba maji huwa mazito zaidi yanapofika nyuzijoto 4. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana barafu huelea. Kwenye ziwa lenye baridi kali, chini kunaweza kuwa na joto zaidi kidogo kuliko juu. Hayo mawili yanakutosha.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku, halafu chagua saa.
Wakati wa joto tunaamka alfajiri. Kwenye baridi, lala. Maji huchukua jua polepole, na wakati mzuri mara nyingi ni kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Siku bora ni ya tatu au ya nne ya hali ya hewa iliyotulia, hasa kama jua limewaka mfululizo. Siku mbaya ni ile inayofuata upepo wa baridi uliopita usiku: anga bluu bila wingu, na samaki wamejibana kwenye maficho kama waliogombana na ulimwengu. Siku hiyo unaweza kuvua, lakini usijihukumu kwayo.

2. Pima maji.
Shusha kipimajoto mita moja au zaidi, kiache dakika mbili, kisome haraka. Juu ya nyuzijoto 15 vua kama kawaida, hiyo si baridi. Kati ya 10 na 15 punguza kasi, lakini samaki bado anaweza kufuata nzi hatua chache. Kati ya 7 na 10 ndipo mwongozo huu unapoanza kazi: chini, polepole, vituo virefu. Chini ya 7, fikiria njia ya kiboya niliyoieleza baada ya hatua ya 10. Mipaka hii haijakatwa kwa kisu, ila inakupa pa kuanzia.

Pima sehemu mbili tatu. Tofauti ya nyuzijoto 1 au 2 kati ya ukingo mmoja na mwingine inatosha kukuamulia pa kusimama.

3. Tafuta kilindi kilicho jirani na chakula.
Usitafute tu mahali penye kina kuliko pote. Tafuta mahali ambapo kina kinaanza ghafla: ukingo wa chini ya maji unaoporomoka kutoka mita 1 hadi 4, ncha ya mwamba inayoingia ziwani, gogo lililolala kwenye mteremko. Samaki anataka kupanda na kushuka bila safari ndefu.

Mtoni, besi wa mdomo mdogo hujikusanya kwenye vilindi ambako mkondo umekufa, nyuma ya majabali au kwenye kona pana ambako majani makavu yanazunguka taratibu juu ya maji. Hilo zunguko la majani ni alama ninayoiamini sana. Kama jani halina haraka pale juu, samaki naye hasumbuliwi pale chini. Na kwa kuwa wanakaa kwa makundi, ukipata mmoja usihame.

Ziwani, angalia ukingo unaopigwa na jua muda mrefu. Kaskazini mwa ikweta ni ukingo wa kaskazini, kusini mwa ikweta ni ukingo wa kusini. Mawe na tope jeusi hushika joto. Upepo mwanana uliovuma siku nzima ukielekea upande mmoja nao husukuma maji ya juu yaliyopata joto hadi upande huo, kwa hiyo usiukimbie upepo kila mara kwa sababu tu unakupiga usoni.

4. Funga vifaa kulingana na kina.
Kwa mshipi wa kuzama, lida iwe fupi: mita 1 hadi 1.5. Hapa wengi hukosea. Wanafunga lida ya mita 3 waliyozoea kwenye mshipi wa kuelea, kisha mshipi unalala chini na nzi anabaki akielea juu mita nzima, hajui kinachoendelea.

Kwa mshipi wa kuelea na nzi mzito, lida iwe mita 2.7 hadi 3.5, na usitarajie kufika mbali chini ya mita 2.

Sasa nzi. Wa kwanza kwenye kisanduku changu ni wa ukanda wa ngozi ya sungura, wa rangi ya zaituni au nyeusi, urefu wa kidole. Sababu ni moja: manyoya ya sungura hutikisika hata nzi akiwa amesimama. Weka mmoja kwenye ndoo ya maji umtazame. Hujamvuta, hujafanya lolote, na bado anapumua. Kwenye baridi hilo ndilo unalolipia.

Wa pili ni Woolly Bugger wa mkia wa manyoya ya marabu, anayefanana na ruba, na pia na vitu vingine vingi. Wa tatu ni Clouser Minnow, aliyebuniwa na Bob Clouser miaka ya 1980 kwa ajili ya besi wa mdomo mdogo wa mto Susquehanna, Marekani. Ana macho mawili ya chuma karibu na kichwa, kwa hiyo huzama kichwa mbele na ndoano hutazama juu, isikwame ovyo kwenye mawe. Kwa baridi chagua wa macho madogo, maana wa macho makubwa huanguka kama jiwe. Wa nne ni mfano wa kamba wa mtoni mwenye magando, kwa ajili ya sakafu ya mawe.

Nzi hawa wa kuvuta wafunge kwa fundo la kitanzi ili wacheze huru.

Rangi? Maji maangavu, tumia zaituni, kijivu, nyeupe. Maji ya tope, tumia nyeusi. Nimewahi kuona wavuvi wakibishana saa nzima juu ya rangi, na muda wote huo nzi zao zilikuwa mkononi.

Mwisho, kandamiza jino la ndoano kwa koleo. Kumtoa samaki kutakuwa rahisi, na kuitoa kwenye kidole chako kilichokufa ganzi kutakuwa rahisi zaidi.

5. Tupa kwa mpangilio.
Kabla ya kutupa, uvute mshipi kati ya mikono miwili, kipande kwa kipande, ili mikunjo ya baridi itoke. Anza na kutupa kufupi upande wa kushoto, kisha sogea kidogo kulia kila mara, kama anayefyeka shamba. Ukimaliza, ongeza mita 2 na urudie. Samaki wa baridi hasogei mbali kufuata nzi, kwa hiyo mapengo ya mita 3 kati ya mtupo na mtupo ni samaki uliowaruka.

Mshipi wa kuzama usiunyanyue moja kwa moja kutoka chini. Uvute hadi ubaki mita chache tu nje, uubingirishe mbele kwa fimbo hadi ulale juu ya maji, ndipo uutupe nyuma. Ukijaribu kuung'oa kutoka kilindini kwa nguvu, fimbo itapinda, nzi atakuja usoni, na ndipo utaelewa kwa nini nilisisitiza miwani.

6. Hesabu.
Nzi akigusa maji, anza kuhesabu sekunde. Mshipi wa daraja la 3 unahitaji kama sekunde 30 kufika mita 3. Wa daraja la 6 unahitaji kama 20. Mara ya kwanza acha hadi uguse chini: utakwama kwenye uchafu au utaona mshipi umelegea. Kama ulihesabu 34, mtupo unaofuata anza kuvuta kwa 30. Hapo nzi anapita juu kidogo ya sakafu. Kesho yake kwenye eneo hilo hilo huhitaji kubahatisha.

Sekunde 30 ni ndefu. Mtu hufika 12, akaangalia saa, akaanza kuvuta. Hesabu kwa sauti kama hakuna anayekusikia.

7. Vuta polepole, kisha upunguze tena.
Elekeza ncha ya fimbo majini, karibu iguse maji. Shika mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, ukunje kiganja hadi vidole vingine viuvute sentimita 8 au 10, kisha kunjua na urudie. Ni kama kukusanya uzi wa sweta iliyofumuka. Mkunjo mmoja kwa sekunde mbili ni mwanzo mzuri. Baada ya mikunjo minne au mitano, simama. Hesabu hadi kumi. Vuta kidogo, simama tena, hesabu hadi kumi na tano.

Hapo kwenye kusimama ndipo samaki wengi hula. Besi wangu mkubwa wa kwanza wa baridi sikumvua kwa ufundi wowote. Vidole vilikuwa vimekufa, nikaibana fimbo kwapani na kuanza kupuliza viganja. Nzi wa sungura alikuwa amelala chini pengine dakika nzima. Nilipoushika mshipi tena ulikuwa mzito na unakwenda upande. Nimejaribu tangu siku ile kuiga kupuliza viganja bila kuwa na baridi, na hadi leo kazi ngumu kuliko zote ni kuutuliza mkono wangu.

Mtoni fanya tofauti kidogo: tupa juu kidogo ya kilindi kwa pembe, acha mkondo umlete nzi taratibu, na uvute tu kiasi cha kuondoa ulegevu.

8. Tambua anavyokula.
Sahau ule mshtuko wa wakati wa joto. Hapa anafungua mdomo, anamvuta nzi, anakaa. Wewe utahisi uzito kama wa jani bichi, au mguso mdogo, au hutahisi kitu ila utaona mshipi umeacha kushuka kabla ya hesabu kufika. Wakati mwingine unaona unaelekea upande bila sababu. Chochote kisicho cha kawaida kichukulie kuwa ni samaki. Utanasa magogo mengi kwa kanuni hiyo, na ni sawa.

9. Kaza kwa mkono wa mshipi.
Usiinue fimbo. Vuta mshipi kwa mkono, mrefu na thabiti, fimbo ikiwa bado inatazama maji. Ukihisi uzito hai, ndipo uinue. Faida yake ni kwamba kama ulikosea au samaki hakushika vizuri, nzi anasogea nusu mita tu na bado yuko mbele yake. Ukiinua fimbo, nzi anaruka na kutoka eneo lote.

10. Mlete, mshike, mrudishe.
Samaki wa baridi hapigani sana, lakini usimcheleweshe. Lowesha mikono, au umwache ndani ya wavu majini ukitoa ndoano. Hewa ikiwa chini ya sifuri, kila sekunde nje ya maji inahesabika, kwa sababu matamvua yake yanaweza kuganda. Usimlaze juu ya theluji wala barafu kwa ajili ya picha. Epuka pia kuvua kwenye kina cha zaidi ya mita 9 kama unakusudia kumrudisha: kibofu chake cha hewa hutanuka akipandishwa, na huenda asiweze kushuka tena.

Njia ya kiboya, kwa baridi kali

Chini ya nyuzijoto 7 kuna siku ambazo hata mkunjo mmoja kwa sekunde mbili ni mbio. Hapo tumia mshipi wa kuelea, kiboya kidogo kwenye lida, na nzi mwepesi wa manyoya anayening'inia chini yake. Kama ukingo una kina cha mita 3, mpime nzi akae kwenye mita 2.5. Samaki hupanda kidogo kula kwa urahisi zaidi kuliko anavyoinama.

Nzi hapa lazima alale mlalo, kama samaki mdogo aliyetulia. Tumia aliyefungwa kwenye ndoano yenye jicho linalotazama juu, umfunge kwa fundo la kukaza badala ya kitanzi, na kila baada ya mitupo michache usogeze fundo lirudi juu ya jicho. Nzi anayening'inia kichwa juu mkia chini haliwi.

Tupa, acha viwimbi vya maji vifanye kazi. Maji yakitulia kabisa, tikisa ncha ya fimbo mara moja, kisha subiri nusu dakika. Kiboya kikizama, kikilala upande, au kikianza kutembea kinyume na upepo, inua fimbo. Ndiyo, hapa unaiinua, kwa sababu uzi uko wima.

Ukikwama

*Nakwama chini kila mtupo.* Umehesabu sana, au nzi ni mzito mno. Punguza sekunde tatu. Au fanya kinyume na wengi: mshipi unaozama haraka zaidi, lida ya mita 1, na nzi asiye na uzito wowote. Mshipi unalala chini, nzi anaelea shibiri moja juu yake.

*Barafu inaziba pete za fimbo.* Zamisha ncha majini, itayeyuka. Usiivunje kwa kucha wala kwa meno, pete hukatika. Kuvuta mshipi kwa mikunjo mifupi ya kiganja hupunguza tatizo kwa sababu maji machache hupanda nao.

*Nahisi miguso lakini sinasi.* Kwanza jaribu ndoano kwenye ukucha: ikiteleza, inoe. Kisha angalia mkia wa nzi. Kama manyoya yanapita ndoano kwa zaidi ya sentimita 3, yakate. La sivyo, unakaza mapema. Mpe sekunde moja zaidi.

*Jana walikula, leo hakuna kitu mahali pale pale.* Pima maji. Kama yameshuka nyuzijoto 2, wamesogea chini kidogo kwenye mteremko ule ule. Fuata mteremko kabla ya kubadilisha nzi. Theluji ikiyeyuka usiku ikaleta maji ya tope, hamia sehemu ambayo tope halijafika.

*Nimefuata yote, saa tatu zimepita, sijapata hata mmoja.* Hiyo ni siku ya kawaida. Kwenye baridi mimi hufurahia samaki wawili. Lakini jiulize kama kweli umekuwa chini muda wote. Mtupo unaofuata usianze kuvuta hadi uguse sakafu, hata ukipoteza nzi. Asilimia kubwa ya wanaoniuliza swali hili walikuwa mita moja juu ya samaki tangu asubuhi.

*Vidole vimekufa ganzi, nashindwa kufunga fundo.* Funga lida tatu zenye nzi ukiwa nyumbani, kila moja na kitanzi chake, uzizungushe kwenye kipande cha boksi. Majini unabadilisha kitanzi tu. Na kama huwezi hata hilo, au umeanza kutetemeka bila kukoma, kunja fimbo, vaa nguo kavu, nenda nyumbani.